Meno ya Penina

Hivi karibuni pale makumbusho ya mjini Arusha walitundika ukutani vazi la ngozi la bibi harusi wa zamani, watu wakawa wanaingia kulishika. Kila aliyelishika alisema neno lile lile: laini. Mama mmoja mbele yangu alilipitisha shavuni, akafumba macho, akasema wazee wetu walikuwa na ufundi wa ajabu. Nikatoka nje. Ningebaki pale ningemjibu vibaya, na yeye hakunikosea kitu. Lakini nikisikia mtu anasifu ulaini wa ngozi zile hamu yangu ni kumuuliza swali moja tu: imelainishwa na meno ya nani?

Mimi nilimjua mwenye meno. Aliitwa Penina, na boma lao lilipakana na letu kule Olasiti. Nilipopata akili yeye alikuwa mama mtu mzima, meno ya mbele hana, ya upande wa kushoto yamesagika mpaka kwenye ufizi, na ya upande wa kulia yamebaki machache. Haya ninayoyaeleza alinisimulia mwenyewe tukichambua maharage uani kwake. Alisimulia bila kulia, nami sitayatia sukari.

Penina hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mmeru wa upande wa Kikatiti, amebatizwa, na amesoma kwa wamisionari kiasi cha kujua kuandika jina lake na kusema Kiswahili cha kueleweka. Baba yake alipofariki, mjomba akamtoa kwa ng'ombe kwa kijana wa Kiarusha aitwaye Lengai. Lengai hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mchapakazi, na hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Kasoro yake ni kwamba mama yake akianza kusema, yeye macho yake yalikuwa chini, na huko chini yalikaa mpaka mama amalize.

Mama huyo ndiye Nembris. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, na boma lote alilishika yeye. Tusimwonee, alikuwa fundi. Wanawake walimletea ngozi kutoka Monduli na kutoka mitelemko ya Meru, kwa sababu ngozi iliyopita mikononi mwa Nembris ilikunjika kama kitambaa na haikulia mtu akitembea. Alijua kuiwamba chini kwa vijiti mpaka ikauke, kuikwangua kwa tezo mpaka ibaki ya unene mmoja, kuilowesha kwa maziwa ya mgando, kisha kuipaka mafuta ya mkia wa kondoo na kuanza kuikanda.

Hapo kwenye kukanda ndipo watu walipoumia. Ngozi ikishaloweshwa haisubiri mtu. Inataka ikandwe, ivutwe juu ya goti, ikanyagwe, isokotwe, ikunjuliwe, mpaka maji yote yaiache mikononi mwako. Ukiiacha njiani inakauka na kuwa ubao, na kazi yote inaanza upya. Kwa hiyo aliyeishika hainuki. Haendi kunywa maji, haendi haja, na mtoto akilia analia. Halafu mikono ikishamaliza zinabaki pindo, pale panapopita uzi na shanga. Pindo hazikandiki kwa mkono. Pindo hutafunwa.

Nembris hakuwa na meno ya kutafunia. Aliolewa akiwa nayo yote, akayamalizia kwenye ngozi za mama mkwe wake, na kisa hicho alikisimulia kwa majivuno. Siku ya kwanza alipomkalisha Penina mbele ya ngozi alimwambia maneno ambayo Penina aliyashika mpaka uzeeni.

"Meno yangu yalikwisha kwa mama mkwe wangu," alisema. "Yako yataisha kwangu."

Na kweli alianza kuyamaliza. Penina alitafuna pindo za ngozi za watu asiowajua. Midomo ilipasuka, taya zikavimba, akawa anakunywa uji kwa kuumeza tu. Akikosea, fimbo. Akijibu kwa Kimaa kibovu, kicheko na fimbo. Mtu mmoja tu pale bomani ndiye aliyemwonea huruma, naye ni Nashipai, kitinda mimba wa Nembris. Nashipai alimcheka kama wengine, lakini mama yake akigeuka alimletea wifi yake mafuta kidogo kwenye jani, ajipake midomo.

Mimba ya kwanza ya Penina iliishia kwenye ngozi. Alikuwa katikati ya kukanda kichefuchefu kikamshika, akainuka kwenda kutapika nyuma ya zizi, akakaa huko akitafuta pumzi. Aliporudi ngozi ilikuwa imekakamaa upande mmoja. Nembris alimpiga kwa mpini wa tezo, hakuangalia anapiga wapi. Mimba ikatoka. Lengai alikuwa amesimama mlangoni, na nimekwisha sema macho yake yalikaa wapi.

Ikaja vita ya Hitla. Nguo zikapotea madukani, hata mabibi waliobatizwa wakarudi kwenye ngozi, na kazi ya Nembris ikawa kubwa kuliko zamani. Wakati huo Nashipai alikuwa amechumbiwa katika ukoo mmoja wa Kisongo wenye ng'ombe wengi. Nembris, ambaye sijasikia mtu akisema alimpenda kiumbe mwingine, alimpenda binti huyu mpaka ikawa aibu. Nashipai hakuwahi kutafuna ngozi. Mama yake alitaka aende kwa mume na meno meupe, na mwanya wake katikati, ili watu wa Kisongo wakimwona akicheka wajue wamepata nini. Vazi lake la harusi ndilo lingekuwa ngozi laini kuliko zote zilizowahi kutoka katika boma lile.

Na Penina alikuwa na mimba tena. Aliniambia kwamba wakati ule hakuomba kitu kingine kwa Mungu. Hakuomba mume aseme, wala mama mkwe afe, wala arudi Kikatiti. Aliomba huyu azaliwe.

Ngozi ya harusi ilikuwa imewekwa darini siku nyingi. Walipoishusha waliikuta imetobolewa na dudu, vile vidudu vidogo vinavyokula ngozi kavu, matundu kila mahali. Penina alipigwa kwa ajili ya dudu. Ng'ombe mwingine wa kuchinjwa hakuwapo, na watu wa Kisongo walikuwa wamekwisha panga siku yao.

Sasa Lengai alikuwa hamali kwenye stoo ya ngozi ya Mhindi mmoja, Jamaludin, karibu na stesheni ya reli. Akaropoka siku hiyo, nadhani ili kumwokoa mkewe na kipigo, kwamba ngozi za stoo hazina tundu hata moja. Zinakaa miezi, alisema, na dudu hawazigusi. Nembris akamwagiza ailete moja. Hakuna aliyejiuliza kwa nini dudu waliokula ngozi ya darini waziache zile za stesheni.

Lengai alimwomba tajiri wake ngozi moja, akaona haya kusema ya harusi, akasema ya kulalia. Jamaludin akampa ya ndama mkubwa, nzuri, bila makuu. Penina ndiye aliyekwenda kuichukua, kwa kuwa mumewe alikuwa kwenye mabehewa. Aliyemkabidhi alikuwa msimamizi wa stoo, Mikidadi, Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano.

"Shikamoo, mzee," Penina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hii ni ya kulalia, siyo?"

Penina hakujua uongo wa mumewe. Akasema ni ya kuvaa bibi harusi, na kwamba yeye ndiye atakayeilainisha.

Mikidadi akaivuta ngozi ikarudi upande wake. "Mnalainishaje?"

"Kwa mikono. Na pindo kwa meno."

"Basi sikiliza. Ngozi hizi zinachovywa dawa kabla ya kupanda reli, dawa kama ile ya josho la ng'ombe, ili dudu wasizile. Ni sumu hiyo. Ukiilalia na manyoya yake, haya. Lakini mdomoni isiingie, hata ukiiosha, maji hayaitoi yote. Umenielewa, mwanangu? Mdomoni isiingie."

Alimwelewa sana. Akataka kuiacha palepale, lakini alifikiria kurudi mikono mitupu, akaitia mgongoni. Njia nzima ya kurudi Olasiti aliibeba mbali na shingo.

Alipofika alimwambia mama mkwe wake kila neno, taratibu, kwa Kimaa chake chote. Nembris alisikiliza mpaka mwisho.

"Mswahili wa stoo ndiye anayenifundisha ngozi?"

"Yeyo," alisema Penina, ndiyo mama kwa Kimaa, "amesema ni sumu ya josho. Tuitafute nyingine."

"Wewe hutaki kutafuna. Ulipokuwa na mimba ile ulikuwa mgonjwa. Sasa una mimba hii, ngozi ina sumu. Ukizaa utasema nini?" Akainua fimbo na kuiweka juu ya tumbo la Penina, bila kupiga, akaiacha pale. "Nikisikia tena habari ya sumu katika boma hili, uniambie mimi au umwambie mtu mwingine, hicho kilichomo humu nakitoa kama nilivyokitoa cha kwanza."

Penina alimwendea mumewe. Lengai ndiye aliyefanya kazi na ngozi zile, na alikuwa ameona mahamali wenzake wakibabuka viganja. Alijua. Penina alimsihi amwambie mama yake, kwa kuwa la mtoto wa kiume linasikika.

"Atasema nimeshika upande wako," Lengai alijibu. Kesho yake akaondoka kwenda kazini kama kawaida.

Wapo watakaomhukumu Penina kwa yale yaliyofuata. Mimi nawaambia waanze na Lengai.

Ngozi ikawambwa chini. Penina aliikwangua manyoya na utando, na viganja vyake vikaanza kuwasha na kupasuka. Mbwa wa boma, kama kawaida ya mbwa, akala yaliyokwanguliwa. Akatapika mchana kutwa, miguu ya nyuma ikalegea, akafa chini ya ua. Penina alisimama akamtazama. Nembris naye akamtazama.

"Nyoka," Nembris akasema, akaagiza mbwa atupwe.

Kisha ngozi ikaloweshwa katika maziwa ya mgando, mafuta yakapakwa, na Penina akakanda. Kukanda alikubali, kwa sababu mikono si mdomo. Alivuta na kusokota mpaka ngozi ikawa nyepesi, ikaanguka juu ya magoti yake kama shuka. Zikabaki pindo. Nembris akampa ncha ya kwanza, na Penina akafunga mdomo. Akaweka mikono yote miwili tumboni.

"Nipige," alisema. "Sitafuni."

Hakuwahi kusema neno lile tangu aolewe. Nembris aliinua fimbo, na pengine angempiga kweli, lakini ngozi ilikuwa mbichi bado pindoni na jua lilikuwa kali. Kumpiga mtu kunachukua muda. Pindo zingekakamaa, na vazi la Nashipai lingeharibika. Fundi ndani yake akamshinda mama mkwe. Akaita.

"Nashipai! Njoo utafune mwenyewe. Huyu Mmeru anaringa na tumbo lake. Ni pindo chache, meno yako hayataharibika."

Nashipai akaja anacheka. Kwake ulikuwa mchezo, bibi harusi kulainisha vazi lake. Akaketi karibu na wifi yake, magoti yakagusana.

"Wifi, nionyeshe. Naanzia wapi?"

Penina alifungua mdomo. Nembris alikuwa amesimama nyuma ya binti yake, na ile fimbo aliishika kwa mikono miwili, ncha yake ikielekea kwenye tumbo la Penina. Penina aliangalia fimbo, akamwangalia Nashipai, aliyekwisha tia ncha ya ngozi upande wa magego na kukunja uso kwa ladha yake.

"Usiteme," Nembris akamwelekeza binti yake, kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo kwa mtu mwingine. "Mate ndiyo yanayolainisha. Meza, kisha uendelee."

Penina alifunga mdomo.

Nashipai alitafuna mpaka jua likageuka. Mara mbili alisema ulimi unamwasha, na mara mbili mama yake akamwambia ndivyo ilivyo kwa asiyezoea. Jioni alikataa chakula. Kesho yake alitapika, akaharisha, akajikunja akishika tumbo, na miguu ikawa haina nguvu. Akaitwa mganga wa mitishamba. Akalaumiwa msichana mmoja wa Kisongo aliyemtaka bwana harusi, kwamba amemroga. Penina ndiye aliyemfuta matapishi, aliyemgeuza, aliyempaka mafuta midomo iliyopasuka kama yeye alivyokuwa akipakwa. Nashipai alimwomba maji mpaka sauti ikakauka. Akafa siku chache kabla ya watu wa Kisongo kuja kumchukua.

Nembris hakulia mbele ya watu. Aliichukua ile ngozi, akaimaliza peke yake, kwa mikono, kwa mafuta, kwa kuisugua juu ya goti lake la kizee saa nzima nzima. Pindo zilikuwa zimekwisha kuwa tayari. Mama yangu aliishika ngozi hiyo, akaniambia hakuwahi kushika kitu laini kama kile, si ngozi wala nguo. Kila alipoikanda Nembris aliita jina la binti yake taratibu, na hapo hata mimi nisiyempenda namhurumia. Lakini namhurumia kidogo.

Penina akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Wakamwita Lemayian. Wanawake wa jirani wakaja na maziwa na mafuta, nyumba ikajaa, moto ukawashwa. Nembris akaingia mwisho. Alikuwa ameibeba ile ngozi kwapani. Akamchukua mtoto, na wote waliokuwepo walisema uso wake siku ile ulikuwa uso wa bibi kweli. Akamfunika.

"Pindo hizi alizitafuna shangazi yako," alimwambia mtoto. "Kwa hiyo zitakuwa zako."

Mtoto mchanga hutafuta ziwa kwa chochote kinachomgusa shavu. Lemayian aligeuza kichwa, akashika pindo kwa midomo, akaanza kunyonya.

Penina aliinuka na damu yake ya uzazi, akamnyang'anya mtoto, akavuta ngozi na kuitupa motoni. Mafuta yakawaka. Moshi wake ulinuka vitunguu saumu, kama inavyonuka dawa ya josho ikiungua, na wanawake wakaziba pua wakitazamana. Penina alimpangusa mtoto mdomo kwa kidole, tena na tena, mpaka mtoto akalia.

"Hiyo ndiyo iliyomuua Nashipai," alisema. Safari hii Kimaa chake kilinyooka, mama yangu alikuwepo. "Nilikuambia, Yeyo. Kabla haijaloweshwa nilikuambia ni sumu."

Nembris alitazama ngozi ikijikunja motoni. Alikumbuka mbwa, naamini, maana alikaa chini.

"Uliniambia mara moja," alisema hatimaye. "Halafu ukakaa hapo unamtazama mwanangu anatafuna. Ukanyamaza."

"Uliniambia ninyamaze."

Wanawake wakatoka mmoja mmoja kwa sababu ya moshi, wakambeba mtoto na mama yake wakawaweka kivulini.

Nembris aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sijui kama kuishi huko kulikuwa neema. Hakugusa ngozi tena. Vita ikaisha, nguo zikarudi, na wanaomletea kazi wakapungua wenyewe. Lengai aliendelea kutazama chini, mpaka siku wanamfukia. Penina hakuondoka bomani. Alimtunza mama mkwe wake kwa namna ambayo hakuna mzee angeweza kumlaumu: maji ya moto, blanketi, kiti kwenye jua, na shikamoo yake kila asubuhi. Jina la Nashipai hakulitaja hata kwangu isipokuwa siku ile ya maharage, na alipolitaja alisimama kidogo, akazipepeta zile punje ambazo zilikuwa zimekwisha pepetwa.

Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwatumwa pale kwao, na jambo moja lilinishangaza. Nembris alikuwa hana jino hata moja. Katika maboma mengine mzee wa namna hiyo hukatiwa nyama ndogo ndogo, au mkwe wake humtafunia kidogo kisha akampa. Penina alimwekea fungu lake la heshima, ubavu mzima, mgumu, wa moto, akauweka mbele yake kwa mikono miwili. Kibibi aliushika, akaunyonya, akaugeuza, akaunyonya tena. Kisha aliurudisha kwenye sahani, na Penina akaja kuondoa sahani.

Nilipokuwa mkubwa wa kuweza kuuliza, nilimuuliza kwa nini hakuwa akimtafunia. Alikuwa na meno upande mmoja, yangetosha.

Penina alimwaga maharage kwenye chungu.

"Meno yangu yalikwisha kwake," alisema. "Haya yaliyobaki ni yangu."